Zana Tulivu na Zana Mpya

Kila fundi ana matakwa mawili juu ya zana zake. Hutaka zana iwe ile ile aliyoizoea jana, ili mkono uende wenyewe bila ya kuongozwa. Na hutaka tena zana iwe bora kuliko ya jana, ili kazi yake isiachwe nyuma na kazi za wengine. Matakwa haya hayapatani kwa urahisi. Seremala akibadili randa kila Jumatatu hatakwisha kujifunza, na akikataa kuibadili umri wake wote atasukuma chuma butu mpaka bega limlegee. Lakini seremala ana bahati moja: randa yake haibadiliki mpaka yeye mwenyewe aende dukani. Katika kazi ya kutunga programu za kompyuta, ambayo ndiyo riziki yangu, zana si chuma wala mti. Ni maandishi tu, na maandishi huweza kubadilishwa usiku mmoja na mtu asiyekujua, akaaye bara jingine, nawe ukaamka asubuhi ukakuta nyundo yako imewekewa mpini upande wa pili.

Nafundisha kazi hiyo mjini Kahama, katika mkoa wa Shinyanga, ndani ya chumba cha kupanga chenye madirisha mawili na kompyuta 11, zote za mtumba. Magharibi yetu barabara huenda Masumbwe na Ushirombo, na huko mbele ziko Katoro na Geita, nchi ya dhahabu. Mashariki yetu uko mji wa Shinyanga na Mwadui ya almasi. Na katikati ni mashamba ya pamba na mpunga, na ng'ombe wa Wasukuma. Wanafunzi wangu hutoka katika nyumba za watu wa kazi hizo. Baba wa mmoja wao hupiga matimba katika maduara ya wachimbaji wadogo, yaani hupanga magogo ya kushikilia kuta za shimo zisimwangukie mtu aliye chini. Siku moja alikuja kulipa ada ya mwanawe, nikamwuliza gogo lililooza hubadilishwa vipi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda kwake. Gogo jipya, alisema, husimamishwa kando ya lile la zamani, huachwa mpaka lipokee uzito, ndipo la zamani hutolewa. Wala kazi hiyo haifanywi watu wakiwa chini. Nimekwisha kusoma vitabu vingi juu ya shauri la kubadili zana za programu, na sikumbuki kilichoeleza kwa maneno machache hivyo.

Programu za siku hizi hazitungwi na mtu mmoja tangu alifu mpaka ye. Mtunzi huandika kidogo na huazima kingi. Kuna programu ya kugeuza maandishi yake yawe lugha ya mashine, iitwayo kompaila; kuna maktaba za hesabu, za tarehe, za kuchapa risiti, za kusemezana na simu; na zote hizo hukaa katika maghala makubwa yaliyo wazi kwa watu wote, ambamo kila zana hufungwa kifurushi na kupewa nambari ya toleo. Hapa lugha yetu imetuchezea, maana katika Tanzania kifurushi ni pia kile kipimo cha intaneti anunuacho mtu katika simu yake, na mwanafunzi wangu huhitaji kifurushi ili apate kifurushi. Mzaha huu hauchekeshi mwisho wa mwezi.

Maghala hutofautiana tabia. Lipo la Arch, ambalo halijui matoleo makubwa kabisa: kila zana mpya ikishaonekana kuwa nzima huingizwa, na mwenye kompyuta huipokea siku hiyo hiyo akitaka. Lipo la Fedora, litoalo toleo jipya mara mbili kwa mwaka na kulitunza kila moja kwa muda wa miezi 13 hivi. Lipo la Ubuntu, lililoanza Oktoba 2004, ambalo kila baada ya miaka miwili hutenga toleo moja la kudumu na kuahidi kulitunza miaka mitano. Na lipo la Debian, lililoanzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani, nalo ndilo tulitumialo darasani kwetu.

Taratibu ya Debian yastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ni jawabu lililofikiriwa. Kifurushi kipya huingia kwanza katika ukumbi uitwao sid, jina la yule mtoto mtundu katika sinema ya Toy Story aliyekuwa akivunja vitu vya kuchezea. Huko watu wenye moyo hukijaribu. Kisipoonyesha dosari kubwa kwa siku 2, 5 au 10, kwa kadiri ya haraka yake, husogezwa katika ukumbi wa pili, wa majaribio. Kisha hufika msimu wa kufunga. Kwa toleo la 13 msimu huo ulianza tarehe 15 Machi 2025, na vya kwanza kufungwa vilikuwa zana za kujengea zana nyingine, kompaila na jamaa zake, maana kompaila ikibadilika kila kilichojengwa nayo ni shaka. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 15 Aprili, mlango ulizidi kubanwa. Mei ukabanwa tena. Na mwisho wa Julai hapakuingia kitu ila kwa idhini ya wasimamizi. Tarehe 9 Agosti toleo likatolewa. Tangu hapo halibadiliki ila kwa kuzibwa nyufa za usalama na kusahihishwa makosa mazito. Jina la toleo la namna hiyo ni imara, na neno hilo huwapoteza wengi. Wao hudhani maana yake ni kitu kisichoanguka. Maana yake ni kitu kisichogeuka. Kikiwa na kasoro ndogo leo, kitakuwa na kasoro hiyo hiyo mwakani, nawe utakuwa umeizoea.

Mtu wa Shinyanga haimwii vigumu kuielewa taratibu hii, kwa sababu anayo ngitili. Mvua zianzapo, Msukuma hufunga sehemu ya malisho yake, ng'ombe wasiingie. Majani hukua, miti huchipua, na majirani hupita wakiyatazama kwa hamu. Kiangazi kikikaza na malisho ya nje yakiwa vumbi, ngitili hufunguliwa. Avunjaye mwiko akaingiza ng'ombe mapema hushitakiwa mbele ya dagashida, mkutano wa jamii, naye hutozwa. Desturi hii ilikaribia kufa. Miti ya Shinyanga ilifyekwa zama za ukoloni ili kumfukuza mbung'o, ikafyekwa tena kwa mashamba ya pamba, na kuhamishwa kwa watu vijijini katika miaka ya 1970 kukawatenga wengi na malisho waliyokuwa wakiyatunza. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na mradi ulipokoma mwaka 2004 ngitili zilikuwa zimerudi katika eneo la zaidi ya hekta 300,000. Sitaki kuulazimisha mfano huu ubebe kuliko uwezo wake. Lakini neno moja la wazee lazima nilitaje. Ngitili isiyofunguliwa kamwe nayo ni hasara. Majani yaliyokomaa hukauka yakawa kuni za moto wa porini, na moto hauulizi mwenye shamba ni nani.

Nimesema haya kwa utulivu, kwani niko mezani kwangu. Sikuwa na utulivu huo asubuhi moja nilipoitwa katika zahanati ya mji mmoja wa ukanda huu, ambao sitautaja. Zahanati hiyo ilikuwa imenunua kwa kampuni ya mbali programu ya kuandikia wagonjwa na dawa. Programu ilijipokelea toleo jipya usiku bila ya kumwuliza mtu. Asubuhi ilipofunguliwa ilidai maktaba ambayo kompyuta ile haikuwa nayo, ikakataa kuonyesha jina hata moja. Nilikuta benchi limejaa kina mama, na watoto wa homa mapajani. Karani alipiga simu kwa kampuni, aliambiwa asubiri. Nilifanya nilichoweza, na nilichoweza kilichukua saa nne. Kazi ya siku ile iliokolewa na karani mwingine, mama mtu mzima, ambaye miaka yote alikuwa akinakili kila mgonjwa katika kaunta buku na kuchekwa kwa ajili hiyo. Mtoto mmoja alikuwa anatumia dawa zisizochanganyika na nyingine, na habari hiyo ilipatikana katika kaunta buku, ukurasa uliokunjwa pembe. Wale waliolitoa toleo lile usiku, nina hakika, walidhani wanatuletea heri. Hawakujua kuwa chini ya shimo walikuwako watu.

Tangu siku hiyo ningeweza kuwa mtetezi wa zana za zamani tu, na kwa muda nilikuwa. Lakini kusimama pale pale si kutulia. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha dhamana, DST Root CA X3, kilifika mwisho wa muda wake. Cheti hicho ndicho kilichokuwa kikizithibitisha tovuti nyingi mno kwa mashine za zamani. Kompyuta zenye programu za usimbaji za zamani, ambazo hakuna aliyezigusa, ambazo jana yake zilikuwa zikifanya kazi bila ya kosa, zilianza kuambiwa kuwa tovuti walizozijua haziaminiki. Mwenye mashine hakubadili kitu. Ulimwengu ulibadilika kumzunguka. Kadhalika wale walioandika hesabu zao kwa toleo la 2 la lugha ya Python: toleo la 3 lilitoka Desemba 2008, wakapewa miaka zaidi ya kumi ya kuhama, na tarehe 1 Januari 2020 matunzo ya lile la zamani yakakoma. Wapo wasiohama hata leo. Na Desemba 2021 ulipogunduliwa ufa katika maktaba iitwayo Log4j, mwenye kusubiri msimu alikuwa anamsubiri mwizi.

Hoja hizi si zangu kwa asili. Alinifundisha binti mmoja wa Geita, aliyekuwa mwanafunzi wangu na sasa ni mwenzangu katika kazi. Yeye hutumia ghala lisilosimama. Kila asubuhi hupokea zana mpya kama mtu anunuaye samaki wa mwaloni, na huniona mimi mla ng'onda. Aliniambia mara moja, kwa heshima yote, "Mwalimu, unatufundisha kupanda punda, na barabara sasa ni ya lami." Nikamjibu, "Binti yangu, punda hula majani yaliyopo." Alicheka, lakini hakuacha. Alinionyesha kuwa vitabu na maelezo yaliyoko katika intaneti yanaandikwa kwa zana mpya, na kijana wa Kahama mwenye zana ya miaka mitatu hufuata maelezo neno kwa neno na asifike. Hudhani mjinga ni yeye. Alinionyesha kuwa mtu akiwapelekea watengenezaji malalamiko juu ya kosa la toleo la zamani, jibu la kwanza ni ajaribu jipya kwanza. Na matangazo ya kazi hayaulizi kama unajua toleo linalotunzwa na Debian. Kwa watoto wa wakulima wanaotafuta kazi kwa watu wa Dar es Salaam na Nairobi, hayo si maneno ya anasa.

Jambo lililomnyamazisha kidogo, wala si kwa muda mrefu, lilitokea tarehe 29 Machi 2024. Mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kuwa kuingia katika kompyuta yake kwa njia ya mbali kulichelewa kwa nusu ya sekunde hivi. Wengi wetu tungesema mtandao ni mzito leo. Yeye alifuatilia mpaka akakuta kuwa programu ya kubana mafaili, xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, imetiwa mlango wa siri. Aliyeutia alikuwa mtu wa jina la Jia Tan, ambaye kwa miaka miwili na zaidi alijifanya msaidizi mwema mpaka akakabidhiwa funguo. Toleo la kwanza lenye sumu lilikuwa la Februari mwaka huo. Kwa hiyo sumu ilikaa hadharani kama wiki tano. Iliingia katika kumbi za majaribio za Debian na Fedora. Katika toleo imara la Debian haikuingia, kwa sababu huko mlango ulikuwa umefungwa tangu mwaka uliotangulia. Kompyuta zetu 11 zililala salama. Ya mwenzangu ilikuwa na toleo lile lile la hatari, ijapokuwa mtego ulitegwa kwa namna ambayo mashine iliyojengwa kama yake haikunaswa. Nilidhani nimeshinda. Akaniuliza, "Na Mwalimu, kama wote wangekuwa wanangoja kama wewe, nani angelihisi ile nusu ya sekunde?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Utulivu wangu umenunuliwa kwa ujasiri wa watu wa ukumbi wa mbele, nao hawanidai shukrani.

Naona hapa inafaa kutaja kuwa mageuzi si ya mashine peke yake. Baadhi ya vijana wetu huwatungia programu wanunuzi wadogo wa dhahabu. Mwaka 2017 sheria ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6 na kuongeza ada ya ukaguzi ya asilimia 1: dhahabu ya shilingi 1,000,000 ambayo ingelipiwa 40,000 ikawa ya kulipiwa 70,000. Mwaka 2019 kodi ya zuio na ile ya ongezeko la thamani zikaondolewa kwa wachimbaji wadogo, na Machi mwaka huo soko la dhahabu likafunguliwa Geita, biashara ikapata ukumbi mpya na karatasi mpya. Programu ya mnunuzi haikuwa na hiari: siku sheria ianzapo, nayo ianze. Basi fikiria kijana ambaye siku hiyo hiyo ya kubadili hesabu anakuta kompaila yake nayo imebadilika, na maktaba ya risiti pia. Hajui tena kosa limetoka wapi, katika asilimia alizoandika au katika zana alizoazima. Hii ndiyo faida ya zana tulivu ambayo wanaozisifu huisahau kuitaja. Haiwafai waoga tu. Humwezesha mtu kubadili kile kinachompasa kubadili, akijua kuwa vingine vyote vimesimama.

Chuo chetu kikuu nacho kina historia katika jambo hili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Kazi ile ilihitaji kubuniwa maneno kwa mamia, na wasomaji wa jarida hili watajua uzito wake kuliko mimi. Oktoba 2005 OpenOffice.org ikatoa toleo la 2.0, lenye menyu na sentensi mpya za kutafsiriwa. Yeyote aliyewahi kutafsiri anaweza kukisia hali ya mfasiri ambaye kitabu chake kinaandikwa upya na mwandishi kabla wino wa tafsiri haujakauka. Lugha zenye wafasiri wa mshahara hustahimili mwendo huo. Lugha zenye watu wa kujitolea huachwa njiani, na kila toleo jipya huwa na Kiingereza kidogo zaidi kati ya maneno ya Kiswahili. Nimepata kusikia watu wakisema Kiswahili hakifai kompyuta. Kinafaa. Kilichokosekana ni ngitili.

Kwa upande mwingine uko mfumo wa DHIS2, uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Wizara ya Afya ya Tanzania huutumia kukusanya takwimu za hospitali na zahanati, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki sana katika kuujenga na kuutunza nchini. Zamani matoleo yake yalitoka mara kadhaa kwa mwaka; mwaka 2022 yalikuwa mawili; tangu 2023 ni moja kwa mwaka. Napenda kuamini kuwa kupungua huko kuna sauti ya watu wa wilayani ndani yake, wale ambao kila toleo kwao ni semina, safari, na kitabu cha mwongozo cha kuchapa upya.

Ipo pia njia ya tatu, nayo naistahi ijapokuwa siitumii sana. Watu wa lugha ya Rust hutoa kompaila mpya kila baada ya wiki sita, na wamefanya hivyo tangu toleo la 1.0 mwezi Mei 2015. Kwa hesabu yangu ya kawaida hiyo ni fujo. Lakini wameweka ahadi kuwa programu iliyokubaliwa na kompaila ya jana itakubaliwa na ya leo. Na sarufi ikibidi kubadilika, huibadilisha kwa jina la mwaka, 2018, 2021, 2024, na kila mtunzi huandika juu ya kazi yake ameitunga kwa sarufi ya mwaka gani. Kompaila mpya huzielewa zote. Ni kama hakimu ahukumuye kila mtu kwa sheria iliyokuwako siku ya tendo lake. Ahadi ya namna hiyo ni ghali kuitimiza, na wengi wa watoa zana hawathubutu kuitoa.

Sisi Kahama tumepatana hivi. Mfumo endeshi wa kompyuta na kompaila yake ni wa toleo imara, na haubadilishwi katikati ya muhula. Anayehitaji maktaba mpya huiweka katika chumba cha pekee cha kazi yake, wala si katika nyumba ya wote; tangu toleo la 12 Debian yenyewe hukataa mtu kuchanganya vifurushi vya Python vya nje na vya nyumba, na wanafunzi wanaolalamika huzoea katika wiki moja. Nyufa za usalama huzibwa kila Ijumaa jioni, wakati hakuna mtu chini ya shimo. Na kwa kuwa intaneti ni ghali, nakala ya ghala letu hutoka Dar es Salaam katika diski, hukabidhiwa basi kama mzigo mwingine wowote, nami huipokea stendi. Jumapili tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu na Tanzania ikawa karibu kiza, darasa la Jumatatu halikukosa kitu. Mwenzangu hakuweza kusasisha asubuhi ile. Alikuja kuazima diski, akaniamkia "Shikamoo Mwalimu" kwa sauti ndefu kuliko desturi, nami nikaitika "Marahaba" bila ya kuongeza neno.

Limebaki shauri moja ambalo halijatulia. Kati ya kompyuta zetu 11, nne ni za biti 32, za zamani sana, zilizoletwa kwa hisani. Debian 13 halina tena kiini wala kisakinishi cha mashine hizo. Sababu wanazo: waliobaki kuzijaribu na kuzitunza ni wachache, na dunia yao imekwisha hamia mashine nyingine. Toleo la 12, lililotoka tarehe 10 Juni 2023, matunzo yake yameahidiwa mpaka katikati ya 2028, na baada ya hapo hakuna kitu. Kompyuta nne ni viti vinne, na viti vinne ni vijana wanne kila muhula ambao wasipokaa hapo watakaa nje. Nimekwisha kuulizia mtumba mwingine. Bei ya moja ni ada ya wanafunzi wangu kadhaa.

Muhula uliopita nilizipeleka zile saba kwenye toleo la 13 na kuziacha zile nne katika la 12, na vurugu ikaingia wiki ya kwanza. Zoezi moja la lugha ya C lilikubaliwa upande wa dirisha na kukataliwa upande wa mlango. Mtoto alikuwa ameita kazi ambayo hakuitangaza kwanza. Kanuni ya lugha ilikwisha likataza jambo hilo tangu mwaka 1999. Kompaila ya GCC kwa miaka mingi ilinung'unika tu na kuendelea, mpaka toleo la 14, la Mei 2024, lilipoanza kukataa kabisa. Upande wa dirisha walikuwa na GCC 12, wenye kunung'unikiwa. Upande wa mlango GCC 14, wenye kukataliwa. Wanafunzi walianza kugombea viti vya dirishani, ambako makosa yalisamehewa, nami nikafikiri nizirudishe zote kwenye toleo la 12 niwe na amani.

Mwenzangu ndiye aliyeuona mlango. Alikaa kwenye mojawapo ya zile nne, akaandika katika faili la maagizo mstari mmoja, wa kuiamuru kompaila ile ya zamani ilihesabu nung'uniko hilo kuwa kosa na ikatae kama inavyokatae ya mwenzake. Agizo hilo lilikuwamo katika GCC miaka yote. Akafanya hivyo kwenye zote nne, akazima, akawasha, akampa mtoto yule zoezi lake. Likakataliwa. Mtoto akaongeza tangazo lililokosekana, likakubaliwa, akahama kiti na kulijaribu mlangoni, likakubaliwa na huko pia.